Babu alikuwa mnyapara: Mtoto aambiwe?

Kazi ya nyumbani ya hesabu mtoto hupambana nayo mwenyewe, hata kama atalia kidogo. Ya historia ni tofauti. Swali likisema, "Eleza historia ya eneo unaloishi," daftari linasogezwa kwa mama, na mama anachukua simu.

Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shule za msingi kuanzia darasa la tatu. Vitabu vya kiada vinaweza kusomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na mzazi mwenye simu janja hana sababu ya kuvikosa. Lakini kitabu kimoja cha nchi nzima hakiwezi kueleza kila kata. Kwa historia ya mtaa na kijiji, mtoto anategemea atakachokipata mtandaoni au atakachoambiwa nyumbani.

Mama mmoja wa Picha ya Ndege, Kibaha, muuguzi mwenye watoto wawili, aliandika jina la mji wake kwenye simu siku binti yake wa darasa la nne alipokuja na swali hilo. Akaletewa viwanja vinavyouzwa, nyumba za kulala wageni na umbali wa kutoka Dar es Salaam. Akaongeza neno "historia". Zikaja kurasa ndefu za Kiingereza, moja ikiwa na tangazo la kubeti lililofunika nusu ya kioo.

Mdogo wake wa kiume, anayeishi kwa kutengeneza tovuti za hoteli na shule, alikuwa amekaa palepale sebuleni. "Dada, hii tunaweza kuitengeneza wenyewe," alisema. Aliona ni kazi ya wikiendi mbili. Ilichukua miezi saba, safari nne za kwenda kwa mama yao Kisarawe na ugomvi wa kifamilia ambao nusura uizike tovuti yenyewe.

Anza na alipozaliwa

Toleo la kwanza la mjomba lilifanana na kitabu cha zamani. Lilianza na "Historia ni nini?", likafuata "Zama za Mawe", na Kibaha ikatokea ukurasa wa sita. Binti alisoma sentensi tatu, akateremsha kidole hadi chini kuangalia kama kuna mchezo, kisha akarudisha simu.

Mjomba hakumkaripia. Alimwomba aishike tena, akakaa pembeni bila kusema neno, akitazama kidole kinakwenda wapi. Ni jaribio lisilo na gharama, na yeyote anayetengeneza kitu cha watoto angepaswa kulifanya kabla ya jingine lolote. Aligundua kwamba binti hakujua kuwa vile vistari vitatu vya kwenye kona hufungua orodha ya kurasa. Aliviona kama pambo. Vikaondolewa, pakawekwa vitufe vikubwa vyenye maneno.

Mpangilio nao ukageuzwa. Ukurasa wa kwanza sasa unauliza, "Ulizaliwa wapi?" Watoto wengi wa Kibaha wamezaliwa Tumbi, na Tumbi ina historia ambayo hata wazazi wengi hawaijui. Kuanzia mwaka 1963, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kujenga hapo kituo kimoja chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Huduma hiyo ya afya ndiyo iliyokua hadi leo ikawa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi.

Mtoto akishasoma hayo, jengo alilolizoea siku ya kupelekwa kuchomwa sindano linakuwa na mwanzo, na watu walioamua lijengwe. Kutoka hapo anasogezwa hatua moja moja. Ukurasa wa pili ni wa reli mbili. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na ina kituo Soga, wilayani Kibaha. Mtoto anaulizwa: nani walijenga ile ya kwanza, walilipwaje, na mizigo yake ilikwenda kwa nani?

Ukurasa wa tatu ni wa Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, ambako Julius Nyerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili kuongoza TANU. Wa nne unamrudisha mtoto Kibaha, Kwa Mfipa, kwenye Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa Februari 2022 kwa ushirikiano wa vyama sita vilivyopigania uhuru kusini mwa Afrika. Mtoto anaona kwamba mwalimu wa ukurasa wa tatu ndiye jina lililoandikwa kwenye ukurasa wa nne.

Kuna ukurasa ambao hauna jibu hata moja. Unataja majina ya vituo: Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias. Kwa nini paliitwa hivyo? Mtoto anaambiwa awaulize watu wazima watatu na aandike majibu yote matatu, hata yakigongana. Huo ndio ukurasa binti aliourudia mara nyingi kuliko yote. Aliuliza muuza genge, dereva wa bodaboda na mwalimu wake, akarudi nyumbani analalamika kwamba kila mmoja ana lake.

Bando la mama, macho ya mtoto

Tovuti nyingi nzuri za watoto zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye kompyuta na intaneti isiyokatika. BBC Bitesize ya Uingereza, kwa mfano, inafundisha historia kwa video na michezo, lakini wenyeji wake ni watoto wa Uingereza na Warumi wao. Hapa kwetu, Ubongo Kids imeonyesha tangu mwaka 2014 kwamba katuni za Kiswahili zinaweza kufundisha hesabu na sayansi vizuri, na Shule Direct ina masomo ya sekondari mtandaoni. Familia ya Picha ya Ndege haikuwa na uwezo wa kutengeneza katuni. Ilikuwa na kompyuta moja ya mkononi na simu tatu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mjomba ilikuwa uzito. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 3 au 4, na mzazi anayenunua bando la siku hawezi kuimaliza kwa picha za reli. Kila picha ilipunguzwa, na hakuna ukurasa unaozidi nusu MB. Sauti zilikatwa katika vipande vya dakika mbili vya kiwango cha chini, kinachotosha kwa mtu anayeongea. Hakuna video inayojifungua yenyewe. Ukurasa ukishafunguliwa mara moja, unaweza kusomwa tena hata bando likiisha.

Kanuni ya pili ilitoka kwa dada mtu, na ni ya kiuguzi. Maandishi ni makubwa, meusi juu ya weupe, yanasomeka hata mtoto akiwa amekaa barazani kwenye mwanga. Kila somo ni la dakika kama kumi, na mwisho wake kuna kazi ya kufanywa mbali na simu. Madaktari wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 za kutazama kioo, mtu atazame kitu kilicho mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. Mama huyo aliona ni rahisi zaidi kumtuma mtoto nje akahesabu miembe ya jirani kuliko kumkumbusha sekunde.

Mdogo wake binti, wa miaka mitatu, naye alikuwa akichungulia begani. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya kutazama kioo kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Chini ya mwaka mmoja, asitazame kabisa. Kwa huyo mdogo wakaacha sauti tu. Anasikiliza bila kutazama.

Kanuni ya tatu ni ya usalama. Tovuti haimtaki mtoto aandike jina, shule wala namba ya simu ya mzazi. Haina picha ya mtoto yeyote wala matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti. Mzazi akikuta tovuti ya elimu inayodai tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kabla ya kumwonyesha somo, ana haki ya kuuliza ni ya nini.

Tumejuaje?

Chini ya kila ukurasa kuna kisanduku chenye swali hilo: "Tumejuaje?" Majibu yana alama tatu. Kitabu, ikiwa imeandikwa. Chungu, ikiwa ni kitu au jengo linaloonekana. Mdomo, ikiwa ni simulizi ya mtu. Wazo lilikuwa mtoto asizoee kuamini kitu kwa sababu tu kimetokea kwenye kioo.

Na mdomo waliokuwa nao karibu ulikuwa wa mama yao, bibi wa zaidi ya miaka 80, anayeishi kijijini mbele ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Wakafunga safari kupitia Gongo la Mboto na Pugu, binti akiwa dirishani na simu ya mama mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea nini kutoka huko Kibaha?"

Walimletea sukari, dawa zake za presha na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi. Bibi aliyajibu yote huku akichambua mboga. Aliwaeleza ngoma ya mkole, mwali alivyokuwa akiwekwa ndani, njaa aliyoisikia kwa mama yake, na njia ya kwenda pwani kabla ya magari. Alisema reli ilitangulia, ndipo pamba ikaja. Mjomba alipoangalia maandishi akakuta mashamba ya pamba ya lazima yalianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na reli ikaanza mwaka 1905. Hakuifuta sauti ya bibi. Aliweka zote mbili, chini yake akaandika: "Bibi anakumbuka hivi. Maandishi yanasema hivi. Unadhani kwa nini wanatofautiana?"

Picha zilikuwa mtihani mwingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za enzi za ukoloni, nyingine za maeneo yetu. Lakini maelezo yake ni ya Kijerumani, na mara nyingi Mzungu ana jina huku Mwafrika aliyesimama pembeni yake hana. Mjomba akajaribu njia ya mkato, akaiagiza programu ya akili mnemba imchoree Wazaramo wa mwaka 1905. Bibi aliitazama simu kwa muda, akacheka hadi akashika mbavu. "Huyu wa wapi? Na kanga yenyewe ya juzi." Picha hiyo haikuwekwa. Mtoto akiona picha iliyotungwa kwenye ukurasa wa historia, ataibeba kichwani kama ushahidi, na hakuna atakayekuwepo kumwambia kanga ni ya juzi.

Jambo ambalo bibi aliulizwa mwisho

Swali la mwisho kwenye karatasi liliandikwa na binti mwenyewe: "Watu wa familia yetu walifanya nini kwenye vita ya Majimaji?"

Vita hiyo ilianzia Umatumbi Julai 1905, ikadumu hadi mwaka 1907. Uzaramo nayo iliingia. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa viongozi wa Uzaramo waliouawa na Wajerumani, na leo jina lake limebebwa na shule ya sekondari Dar es Salaam. Mjomba alikuwa ameshaandaa ukurasa wake. Alitarajia bibi aseme kwamba babu yake alipigana.

Bibi aliweka ungo chini. Alisema babu yake, baba wa mama yake, alikuwa mnyapara kwenye shamba la pamba la jumbe. Alishika kiboko. Asiyefika shambani alilazwa chini na kuchapwa hamsa ishirini, viboko 25. Mtu mmoja aliyechapwa naye ni babu wa mzee anayeishi ng'ambo ya njia, pale pale walipokuwa wakitazama. Familia hizo mbili zimezikana na kuozana kwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyelitaja mbele ya watoto.

Muuguzi alizima kinasa sauti.

"Mama, hayo si ya kuandika. Mtoto ataitwa mjukuu wa mnyapara shule nzima."

Mdogo wake alimuunga mkono kwa sababu yake. Watoto wanahitaji mashujaa, alisema. Tuweke Kibasila, inatosha.

Bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyie baba, mlikuja kuniuliza au mlikuja kunifundisha? Kama mnataka mashujaa tu, si mngekaa huko huko mkasikiliza redio."

Walirudi Kibaha bila kuongea sana. Ukurasa haukuandikwa. Kwa miezi miwili kaka na dada waliongelea mambo mengine, na tovuti ikabaki na pengo kati ya reli na Pugu.

Kilichowarudisha ni ugonjwa. Bibi alipata kiharusi chepesi. Mkono ulirudi vizuri, maneno yakarudi kiasi. Walipomtembelea safari ya tatu, binti alimwomba arudie hadithi ya mnyapara. Bibi alianza, akachanganya babu na baba, akaishia kwenye mavuno ya korosho ya miaka ya juzi. Mama yake binti ameona wagonjwa wengi wa namna hiyo kazini. Alielewa alichokuwa akikisikia. Simulizi iliyokuwa kamili miezi miwili nyuma ilikuwa imebaki sehemu moja tu, kwenye simu yake, katika rekodi aliyoizima yeye mwenyewe katikati.

Ng'ambo ya njia

Alikubali kwa masharti mawili. Jina la babu lisitajwe, wala la kijiji. Na mzee wa ng'ambo aulizwe kwanza, kwa sababu maumivu hayo ni ya kwao pia.

Bibi aliongozana na mwanawe, taratibu, ameshika fimbo. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, ikaulizwa hali ya mkono na ya shamba. Ndipo jambo likatajwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Hilo nalijua tangu mtoto," alisema. "Lakini babu yangu hakusema amechapwa kwa ajili ya babu yenu. Alisema amechapwa kwa ajili ya nguruwe."

Akaeleza. Upande wa bibi, hadithi ilirithiwa kwamba yule mtu alikuwa mtegaji, hataki kazi. Upande wa mzee, ilirithiwa kwamba usiku kucha alikuwa akilinda mtama wake dhidi ya nguruwe pori, na asubuhi akalala. Pamba ya jumbe ilimkosa, mtama ulipona.

Mjomba alirudi kwenye vitabu, na nguruwe akawakuta humo. Watafiti walioichunguza Uzaramo ya wakati ule wameandika juu yao. Sheria za uwindaji za Wajerumani ziliwabana wenyeji, wanaume walipelekwa kufanya kazi mbali, na wanyama waharibifu wakala mashamba ya chakula wakati nguvu za watu zilikuwa kwenye pamba. Njaa hiyo ni sehemu ya sababu zilizoifanya Uzaramo iinuke. Familia moja ilikuwa imehifadhi kiboko, nyingine nguruwe. Hakuna iliyokuwa na kisa kizima hadi walipokaa pamoja barazani.

Ukurasa huo ndio mrefu kuliko yote, na bado unasomwa kwa dakika kumi. Una sauti mbili, ya bibi na ya mzee, kila moja dakika mbili. Una nguruwe waliochorwa kwa mkono na kijana wa jirani. Mwisho una maswali: Mnyapara angekataa kazi hiyo, angefanywa nini? Yule mlinzi wa mtama angefanya nini tofauti? Wewe ungekuwa nani kati yao?

Binti aliusoma akiwa amekaa karibu na mama yake. Aliuliza kama babu aliyechapwa alipona. Akaambiwa alipona, ndiyo maana mzee wa ng'ambo yupo. Akauliza kama babu yao alikuwa mtu mbaya. Mama alimwambia kwamba alifanya jambo baya, na kwamba waliomtuma walikuwa na bunduki. Binti alifikiri kidogo, kisha akasema atawasimulia wenzake habari ya nguruwe.

Kumweleza mtoto jambo zito

Kuna wazazi watakaosema mtoto wa miaka kumi ni mdogo kwa habari za viboko na kunyongwa. Wasiwasi huo una msingi, na jibu lake liko zaidi kwenye namna ya kusimulia kuliko kwenye kuficha.

Picha ndizo zinazoumiza haraka. Mtandaoni zipo picha za enzi ya Wajerumani zinazoonyesha watu waliofungwa minyororo na hata walionyongwa, na mtoto anayetafuta neno "Majimaji" peke yake anaweza kuzikuta. Picha ya namna hiyo hubaki akilini kuliko maelezo yake. Mchoro unatosha. UNESCO imetumia njia hiyo katika mfululizo wake wa wanawake katika historia ya Afrika, unaopatikana bure kwa Kiingereza na Kifaransa, ambamo maisha ya Yaa Asantewaa wa Ghana na Taytu Betul wa Ethiopia yamesimuliwa kwa katuni.

Maneno nayo yana kipimo. Mtoto aambiwe kilichotokea kwa sentensi fupi na za kweli, kisha aambiwe watu walivyopambana, walivyosaidiana na walivyoendelea kuishi. Asiachwe kwenye maumivu pekee. Na mtu mzima awepo. Ukurasa wa mnyapara unaanza na mstari mmoja: "Huu usome na mkubwa." Mtoto akianza kuota ndoto mbaya, kukataa kulala peke yake au kurudia swali lile lile kwa hofu siku kadhaa, asomo hilo liwekwe kando, aulizwe amelielewaje. Mara nyingi anachoogopa ni kwamba jambo lile linaweza kutokea kesho nyumbani kwao.

Kwa upande mwingine, historia ya mashujaa watupu ina hasara yake. Mtoto anayeambiwa kwamba wazee wake wote walikuwa hodari hana mahali pa kujifunza namna mtu wa kawaida anavyosukumwa kumuumiza jirani yake. Na somo lenyewe linaitwa historia na maadili. Maadili hayafundishiki pasipo mtu aliyekuwa na njia mbili mbele yake.

Mzazi anaweza kuanzia wapi

Si kila nyumba ina mjomba wa kutengeneza tovuti. Lakini karibu kila simu ina kinasa sauti, na hapo panatosha kuanzia.

Nenda kwa mzee ukiwa na mtoto, na mtoto ndiye aulize. Wazee humweleza mjukuu mambo ambayo hawakuwahi kumweleza mtoto wao. Maswali yawe ya vitu vinavyoshikika: ulipokuwa na umri wangu, jioni mlikula nini? Maji mlichota wapi? Nani alikuwa akiogopwa kijijini, na kwa nini? Zuia simu zinazoingia ili rekodi isikatizwe. Mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali na anayeongea. Rekodi isiyo na hayo, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ni ya nani. Ihifadhi sehemu mbili, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

Akisema jambo ambalo hukulitarajia, usizime. Utaamua baadaye nani alisikie na lini.

Kisha mtafute mtu wa upande wa pili wa kisa hicho, kama bado yupo. Na kabla hujaweka chochote mtandaoni au hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, muulize mzee mwenyewe kama anataka sauti yake itoke nje ya nyumba. Akikataa, basi. Mpe mtoto aisikilize nyumbani, na umwandikie kwenye daftari la historia: "Chanzo: bibi."